Mwezi Ndio Unaopanga Meza za Feri

Kazi yangu ni kuhesabu samaki. Alfajiri, vyombo vinapotia nanga mbele ya soko la Feri, mimi na wenzangu tunakuwa tumeshafika na mizani, ubao wa kupimia urefu na daftari. Tunaandika jina la chombo, aina ya nyavu, idadi ya mabaharia, saa waliyotoka, saa waliyorudi, na walichoua. Ndivyo wavuvi wengi wanavyosema wenyewe, wameua. "Mmeua?" ndiyo salamu inayotoka ufukweni kwenda majini, na jibu lake huanza kupanga bei kabla ndoo ya kwanza haijagusa mchanga.

Wiki yangu ya kwanza pale, mama mmoja mkaanga samaki aliniona nahangaika na daftari, akaniuliza, "Mwanangu, leo mwezi ngapi?" Nikamtajia tarehe ya kalenda ya ukutani. Akatikisa kichwa. "Siyo huo, baba. Wa juu." Sikuwa na jibu. Yeye siku hiyo alikuja na kidumu kimoja tu cha mafuta na kuni nusu ya kawaida yake, maana alijua tangu nyumbani kwake kwamba vibua watakuwa haba. Mimi nilikuja kulijua hilo baada ya kukaa ufukweni saa tatu nzima. Tangu siku hiyo kila ukurasa wa daftari langu una safu moja ambayo haimo kwenye fomu tunazopewa, niliyoichora mwenyewe kwa kalamu: mwezi ngapi. Miaka yote hii, safu hiyo imenieleza mambo ya soko lile kuliko safu nyingine yoyote, na ndiyo ninayotaka kuifungua hapa kwa ajili ya mnunuzi anayefika Feri na kikapu chake, akakuta wiki hii vibua ni wa kumwaga, wiki ijayo hawashikiki.

Feri ipo Magogoni, kwenye mlango wa bandari ya Dar es Salaam, kando ya kivuko cha kwenda Kigamboni, nacho ndicho kilicholipa soko jina lake. Soko lililopo sasa lilijengwa kwa msaada wa Japani na likaanza kazi mwaka 2002. Limegawanywa kwa kanda, ambazo pale kila mtu huziita zoni: kuna wanaponadi samaki, wanapouza rejareja, vijana wanapopaa na kupasua samaki, na kina mama na kina baba wanapokaanga, moshi ukipanda tangu asubuhi. Vyombo vingi havifiki gatini. Vinatia nanga mbali kidogo na mzigo unaletwa kwa mitumbwi au kwa vichwa vya wabebaji wanaotembea ndani ya maji ya kifuani, ndoo juu, mikono miwili imeishika. Samaki wengine huja kwa barabara, kutoka Bagamoyo, Rufiji na Kilwa. Wote hukutana kwenye meza zilezile, na mnunuzi huwaona kama mzigo mmoja. Mimi, njia yoyote waliyopitia, naona mizigo miwili, kila mmoja na saa yake.

Saa ya kwanza ni giza.

Sehemu kubwa ya samaki wadogo wanaotembea makundi, yaani dagaa, vibua na saladini, huvuliwa usiku kwa taa na mtando. Zamani taa ilikuwa karabai. Sasa ni taa za umeme zinazowashwa kwa betri za sola au kwa jenereta. Taa hubebwa na kidau kidogo kinachoachwa kikielea peke yake kwa saa kadhaa. Mwanga unapopenya maji, vijidudu vya baharini hukusanyika, dagaa hufuata vijidudu, vibua na ngisi hufuata dagaa, na pengine sehewa nao huja nyuma ya vibua. Kundi likishakolea, chombo kikubwa huzungusha mtando na kulizingira. Chini ya mtando kuna pete, na ndani ya pete imepitishwa kamba. Mabaharia wakiivuta ile kamba, mtando hufumba chini kama mfuko unaofungwa mdomo. Chombo kimoja huweza kubeba watu zaidi ya 20, na katika dakika zile za kuvuta hakuna hata mmoja anayekaa.

Mpango wote huo unategemea jambo moja: taa yao iwe ndiyo mwanga pekee baharini. Mwezi ukiwaka, bahari nzima ni taa. Dagaa hutawanyika, na mtando huzungushiwa maji matupu, mafuta ya injini yakaenda bure.

Sasa fuata mwezi wenyewe. Ukiandama leo, huzama muda mfupi baada ya magharibi, na usiku wote uliobaki ni giza. Kila siku huchelewa kuzama kwa takriban dakika 50. Ikifika mwezi saba au nane, yaani siku ya saba au ya nane tangu kuandama, huzama karibu na saa sita za usiku. Mvuvi bado ana giza la kuingilia alfajiri, naye huondoka kwa kuchelewa. Mwezi kumi na mbili giza limebaki kipande kidogo mno. Mwezi kumi na nne na kumi na tano huchomoza jua likizama, ukazama jua likichomoza. Hiyo ndiyo mbaamwezi kamili, na nyavu za mtando huwa juu ya miti zikishonwa. Baada ya hapo mwezi huanza kuchelewa kuchomoza, giza hurudi upande wa mwanzo wa usiku, na ukifika mwezi kumi na tisa hivi kuna saa kama tatu za giza kabla haujatoka. Hapo utaona vyombo vya kwanza vinapakia barafu tena. Ndiyo maana katika siku 29 na nusu za mwezi mwandamo kuna wiki moja, pengine na siku mbili tatu juu yake, ambayo dagaa wabichi huadimika Feri hata bahari iwe shwari kama maji ya birika. Mnunuzi husema samaki wamepungua. Samaki wapo, hawakuitika.

Saa ya pili ni ya maji, nayo huonekana mchana kweupe.

Pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Jua na mwezi vikivuta kwa mstari mmoja, yaani mwezi ukiwa mchanga au mpevu, tunapata bamvua: Dar es Salaam tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu, mvuto wa jua unaukata mvuto wa mwezi, na tunapata maji mafu, ambapo tofauti hushuka hadi mita 1 hivi. Bamvua kubwa zaidi huja siku moja au mbili baada ya mwezi wenyewe, kwa kuwa bahari ni nzito na huchelewa kuitika. Kuna jambo hapa ambalo watu wa pwani hulijua bila saa: kwetu maji ya bamvua hujaa kama saa kumi, jioni na alfajiri, na hupwa kama saa nne, asubuhi na usiku. Maji mafu ni kinyume chake. Mpangilio huo haubadiliki mwaka mzima, kwa sababu bamvua daima huja na mwezi wa namna ileile, na mwezi wa namna ileile daima uko mahali palepale ukilinganisha na jua. Ukimwuliza mtoto wa Kigamboni au wa Mjimwema maji yatapwa saa ngapi kesho, atakujibu kwa kuutazama mwezi wa jana.

Bamvua ikipwa saa nne asubuhi, miamba iliyofunikwa wiki nzima hutokeza juu. Kina mama na watoto hushuka na vijiti na chuma kutafuta pweza kwenye mashimo. Hapo hakuna chombo, hakuna injini wala tajiri wa nyavu. Kuna macho tu. Pweza hujisaliti kwa usafi wake: mlangoni kwake utakuta magamba ya kaa na maganda ya kombe aliyokula, na mchanga umesukumwa pembeni. Pia ndizo siku za uzio, ile mitego ya fito iliyosimamishwa kwenye maji madogo karibu na mikoko. Samaki hufuata maji yanapojaa, kisha maji yakiondoka kwa kasi hukuta njia imezibwa. Maji mafu yakija, uzio huambulia kidogo, na hapo hupata nafasi mvuvi wa mshipi wa maji marefu, kwa kuwa mkondo umepoa na chambo chake hushuka wima mpaka walipo changu na chewa.

Ukiziweka saa hizi mbili pamoja, meza za Feri zinasomeka. Giza huja mara moja kwa mwezi, bamvua huja mara mbili. Kwa hiyo mwezi mchanga ndio sherehe ya soko: dagaa wamejaa, vibua wamejaa, pweza wamejaa, wanadi wamekaukwa na sauti. Mwezi mpevu unakuta pweza tele na dagaa hakuna. Siku za nusu mwezi ndizo za samaki wa mshipi. Mama yule mkaanga alikuwa na hesabu yote hii kichwani, na kidumu chake cha mafuta kilikuwa kinapimwa nayo.

Juu ya mwezi kuna pepo, na hizo nitazipitia haraka kwa sababu kila mtu wa pwani anazijua. Kusi huvuma kuanzia Aprili hivi na huwa kali kati ya Juni na Agosti. Ngalawa na mitumbwi hubaki ndani ya miamba. Kaskazi huvuma kuanzia Novemba hadi Machi, bahari ikawa ya kuendeka, na ndipo samaki wakubwa wa kupita, jodari, nguru na sulisuli, wanapofikiwa na vyombo vidogo. Katikati kuna maleleji, upepo ukibadili mawazo. Na kuna siku ambazo hesabu zote hulala: mapema Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipokaribia Mafia, wavuvi walihimizwa kubaki nchi kavu, na daftari langu la siku hizo halina kitu ila tarehe.

Nilichokawia kukielewa ni jinsi mwezi unavyoingia mifukoni mwa watu. Malipo ya baharia si mshahara. Chombo kikirudi, kwanza kila baharia hupewa kitoweo, samaki wa kupeleka nyumbani, na hao hawaingii mnadani. Mzigo uliobaki hunadiwa. Katika fedha zinazopatikana hutolewa mafuta, barafu, chakula cha baharini na ushuru. Kinachosalia, kwa desturi ya vyombo vingi, hugawanywa mafungu matatu: fungu la chombo, fungu la nyavu na fungu la mabaharia. Chombo na nyavu mara nyingi ni vya mtu mmoja, kwa hiyo yeye huondoka na mafungu mawili, na fungu la tatu hugawanywa kwa watu 20 na zaidi, nahodha akipata ziada. Silaumu mgawanyo huo; mwenye chombo naye hubeba hatari ya injini kufa na mtando kuchanika juu ya mwamba. Ila tazama kinachotokea mbaamwezi ikiingia. Kwa wiki nzima na ushei hakuna mzigo, hakuna fungu wala kitoweo. Baharia hukopa kwa tajiri wake, na deni hilo humfunga kwenye chombo kilekile giza litakaporudi, hata kama chombo cha jirani kinalipa vizuri zaidi. Mama wa chai na vitumbua naye hukopesha. Mama mkaanga hukopesha. Nimewahi kuona daftari la mama mmoja wa chai: kurasa za giza ni nyeupe, kurasa za mbaamwezi zimejaa majina mpaka pembeni. Nilitamani liwe sehemu ya takwimu zetu, maana lilikuwa limeuandika mwezi kwa usahihi kuliko mimi.

Wengine hukimbia njaa hiyo kwa kwenda dago, kambi za uvuvi za kuhamahama. Wapemba ndio mabingwa wa safari hizo. Utawakuta Mafia, Kilwa, na hata pwani ya Kenya, wakifuata maji yanayoua. Na kuna namna nyingine ya kuuzidi mwezi: kukausha. Dagaa wa siku za giza huchemshwa kwa dakika chache katika maji ya chumvi, wakatandazwa juani juu ya vichanja au nyavu, na wakishakauka wanaweza kungoja bei. Wanunuzi kutoka Kongo hufika mpaka Unguja kuwafuata dagaa hao, na mfuko uliofungwa pwani hufunguliwa mbali sana na bahari. Kwa mawazo yangu, mtu aliyesimamisha kichanja safi cha kuanikia ameongeza samaki wengi zaidi mezani kwa watu kuliko aliyeongeza urefu wa mtando.

Hapo ndipo ninapofika kwenye mambo ambayo mwezi hauyapangi, na ambayo hunikera kwa sababu yamo mikononi mwetu.

La kwanza ni barafu. Samaki akitoka majini kwetu, hewa ina nyuzi joto 28 au 30, na bakteria walio kwenye matamvua na utumbo wake huzaliana kwa kasi. Akiwekwa kwenye barafu inayoyeyuka, karibu na nyuzi 0, kuharibika kwake hupungua kasi zaidi ya mara 10. Kipimo tunachofundisha ni rahisi: kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, barafu ivunjwe ndogondogo, ikae chini, katikati na juu. Nimepima samaki walioletwa na vyombo viwili vilivyovua usiku mmoja mahali pamoja. Jodari wa chombo cha kwanza alikuwa na macho yaliyojaa na kung'aa, matamvua mekundu ya damu mbichi, na nilipombonyeza kwa kidole nyama ilirudi palepale. Wa chombo cha pili alikuwa na macho yaliyobonyea na ukungu juu yake, na alama ya kidole changu ilibaki. Bahari moja, usiku mmoja. Tofauti ilikuwa vipande vya barafu ambavyo chombo cha pili kilibania ili kupunguza gharama, na mnadani hasara ikawa kubwa kuliko bei ya barafu yote.

Kuna hatari nyingine ambayo wanunuzi wengi hawaijui, nami naomba wasomaji waishike. Jodari, sehewa, nguru na vibua wana kemikali ya asili nyingi kwenye nyama yao iitwayo histidini. Samaki hao wakikaa kwenye joto, bakteria huigeuza histidini kuwa histamini. Mtu akila, baada ya dakika chache au saa chache uso humwiva, mwili humwasha, kichwa humgonga, moyo humwenda mbio. Wengi hudhani wana mzio wa samaki. Na hapa pana kiini cha jambo: moto hauiondoi histamini. Ukaange mpaka samaki awe mkavu kama kuni, uchemshe na ndimu na pilipili, imo. Ikishajijenga hakuna mapishi ya kuiponya. Huzuiwa kwa baridi tu, tangu samaki anapotoka majini. Ukitafuna jodari ukahisi kama pilipili kali ulimini na hukutia pilipili, tema, usimalize kwa kuona haya mbele ya mwenyeji. Na unaponunua, usiridhike na macho peke yake, maana histamini huweza kuwamo kabla samaki hajanuka. Muulize muuzaji alipata barafu wapi na lini. Wauzaji wazuri hulipenda swali hilo.

La pili ni ukubwa wa samaki. Ubao wangu wa kupimia una mistari ya sentimita, na kwa kila aina nina alama ya kalamu: urefu ambao samaki huyo huanza kuzaa. Kibua, takriban sentimita 20. Nguru, takriban sentimita 80. Nguru mdogo wa urefu wa mkono, anayependwa kwa sababu anatosha sufuria moja, hajawahi kutaga hata yai moja. Nikimweka juu ya ubao na kumwona ameishia katikati ya njia kuelekea kwenye alama, huwa naona vizazi vyake vimelala pale kando yake.

Samaki wa miambani wana kisa kigumu zaidi. Chewa wengi huanza maisha wakiwa majike, wakishakua baadhi hugeuka madume. Pono nao ni hivyo. Wale wenye rangi ya udongo mara nyingi ni majike, na yule mkubwa wa buluu na kijani anayevutia macho mezani ni dume. Ukiwamaliza wakubwa, umewamaliza madume, na mwamba hubaki na majike wanaongoja mmoja wao ageuke. Jambo hilo huchukua muda, na mshipi haungoji. Pweza ni kinyume: huishi mwaka mmoja na kidogo tu, hukua kwa kasi ya ajabu, na jike hutaga mara moja, akayalinda mayai bila kula mpaka yaanguliwe, kisha akafa. Kwa sababu hiyo pweza hulipa haraka akiachwa. Sheria yetu inakataza kuvua pweza wa chini ya gramu 500, na vijiji kadhaa, kama Kisiwa Panza kule Pemba, vimejaribu kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa kisha kuufungua siku ya bamvua. Pweza walioachwa miezi mitatu hurudi wakiwa mizigo ya kubebwa begani. Hakuna elimu ya uvuvi inayoeleweka upesi kuliko hiyo, kwa sababu mtu huipima kwa mkono wake mwenyewe.

Baruti nitaitaja kwa kuwa miaka mingi iliitesa pwani hii, na mlipuko ulikuwa ukisikika hata karibu na jiji. Samaki wa baruti nilijifunza kumtambua kwa kisu: nje anaweza kuwa mzima, ndani bofu, ule mfuko wa hewa ambao wenzetu wa Ziwa Victoria huuita bondo, limepasuka, na damu imevilia kando ya uti wa mgongo. Tangu operesheni za kuanzia mwaka 2016 hivi, milipuko imepungua sana. Mwamba uliovunjwa, hata hivyo, hurudi kwa miongo, na hilo hakuna mnada unaoliweka kwenye bei.

Sasa nirudi kwenye safu yangu ya mwezi, kwa sababu ina sehemu katika hesabu za taifa ambayo haionekani. Hatuwezi kupima kila chombo kila siku. Tunachagua siku, tunapima, kisha tunakuza hesabu hizo kuwa za mwezi mzima. Tuseme, kwa mfano tu, chombo cha mtando kinashusha kilo 600 kwa kila usiku wa giza, na hakiendi kabisa siku 9 za mbaamwezi. Mpimaji akija siku za giza tu, akazidisha kwa siku 30, ataandika kilo 18,000. Ukweli ni kilo 12,600. Ametengeneza zaidi ya tani tano za samaki ambao hawakuwahi kuwa baharini, na mpangaji wa uvuvi atakayesoma karatasi hiyo anaweza kusema bahari ina nafasi ya vyombo zaidi. Kosa hilo halihitaji mtu mwongo. Mpimaji mwema huenda ufukweni siku ambazo kuna kazi ya kupima, na siku zisizo na chombo hubaki ofisini. Nililifanya mwenyewe katika miezi yangu ya kwanza, na nililigundua pale nilipoweka safu ya mwezi kando ya safu ya kilo, nikaona kwamba sikuwa nimeandika hata siku moja kati ya mwezi kumi na mwezi kumi na nane.

Kwa hiyo siku hizi mbaamwezi hunikuta Feri kama giza linavyonikuta. Alfajiri ya mwezi kumi na tano iliyopita nilifika saa kumi na moja. Mwezi ulikuwa umeinama upande wa mjini, mkubwa, maji yanaanza kupwa kutoka kwenye bamvua, na mwanga unatosha kusoma mizani bila tochi. Vyombo vya mtando vilikuwa vimejipanga kwenye nanga, taa zao zimevuliwa na kufunikwa turubai. Mzee mmoja nahodha alikuwa ameketi kwenye mchanga na mtando mapajani, sindano ya nyavu mkononi, anaziba tundu moja kisha anatafuta jingine kwa vidole.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo umekuja kuhesabu nini?"

"Nyie."

Aliendelea kushona. Nikafungua daftari, nikaandika jina la chombo chake, nyavu mtando, mabaharia 24, saa ya kutoka mstari, saa ya kurudi mstari, kilo sifuri. Nikahamia chombo cha pili, nikaandika sifuri, na cha tatu, mpaka nikamaliza vyote kumi na kimoja vilivyokuwa nangani. Kwenye safu ya pembeni nikaandika 15. Yule mama mkaanga alikuwa anawasha jiko moja, na mbele yake kwenye beseni kulikuwa na changu sita wa mshipi.